Nusu ya Marahaba

Kitanda changu cha kamba kilikuwa kinalia kabla ya jogoo. Kwiii, kisha kimya, kisha kwiii tena. Majirani walidhani naota ndoto mbaya. Haikuwa ndoto. Ni mjukuu wangu Zamda aliyekuwa ananigeuza.

Zamda alikuwa anasoma Chuo cha Mkono Laini, kozi ya kutunza wazee na watu waliolazwa muda mrefu. Kila alfajiri, kabla hajaenda darasani, alifanya mazoezi kwa mwili wangu. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani, ananivuta polepole mpaka natazama ukuta. Halafu ananiwekea mto mdogo katikati ya magoti, mfupa usisuguane na mfupa.

"Mke mwenza," nilimwambia siku moja, "mimi si mgonjwa. Unanigeuza kama chapati."

"Chapati haina maneno mengi, Bibi. Mbona umejikaza?"

"Naogopa utaniangusha."

"Basi nakusubiri mpaka uache kuogopa."

Na kweli alisubiri. Mkono wake ulikaa palepale, haukunivuta wala haukuniacha, mpaka bega langu lenyewe likakubali.

Nimeanza na hilo ili msomaji aijue kozi yenyewe. Huko mbele wataongea watu wengi wenye elimu, na kozi itapotea katikati ya maneno yao.

*

Nchi yetu ni nzuri. Jina lake haliruhusiwi kuandikwa bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kupisha ukarabati, kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Ina mabaraza mengi. Liko Baraza la Mvua, ambalo huitangaza mvua ikishanyesha, ili lisikosee. Liko Baraza la Madaraja, lenye jengo zuri sana ng'ambo ya mto usio na daraja. Na liko kubwa kuliko yote, Baraza la Utambuzi, ambalo kazi yake ni kutambua. Kitu kikitambuliwa na Baraza, kipo. Kisipotambuliwa hakipo, hata kama umekikalia.

Mkurugenzi Mkuu wa Baraza hilo alikuwa Profesa Kilanga, mzee mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Niliwahi kumwona sokoni akiinama na suti yake kumwokotea mama muuza karanga kitambaa kilichopeperuka. Alikikung'uta vumbi kabla ya kumpa. Nayaandika haya mapema kwa sababu huko mbele Profesa hatapendeza, na ningependa msomaji akikumbuke kile kitambaa.

Basi Baraza likatuma wakaguzi Mkono Laini. Mkuu wa chuo, Mwalimu Ndimbo, alikuwa muuguzi mstaafu aliyekianzisha ndani ya ghala la zamani la pamba. Siku hiyo mimi nilikuwepo, kwa sababu chuo kilihitaji mzee wa kujifunzia, na Zamda alinitoa mimi.

"Nani hapa ana shahada ya uzamivu katika kutunza wazee?" aliuliza mkaguzi mkubwa.

"Hakuna nchi nzima," akajibu Mwalimu Ndimbo.

"Kwa nini?"

"Hakuna chuo kinachofundisha."

"Na kwa nini hakuna chuo?"

"Kwa sababu hamjatambua hata kimoja."

Mkaguzi akafurahi sana. "Mmejionea wenyewe," akasema, "kwamba hakuna."

Kisha akanigeukia mimi pale kitandani. "Na huyu mzee, uzee wake umethibitishwa na nani?"

"Na magoti, baba," nikamjibu.

Akaandika kwamba uzee wa vifaa vya kufundishia haukuthibitishwa. Walikula wali na maharage, wakausifu wali, wakaondoka. Mdogo wao kwa cheo alirudi mlangoni akanivutia shuka mpaka mabegani, maana wenzake walikuwa wameniacha nusu wazi. Sijui kama aliandika hilo.

*

Siku ya kutangaza, Profesa Kilanga alisema mwenyewe redioni.

"Wananchi, katika nchi yetu wazee hutunzwa na familia zao kwa upendo. Upendo hauhitaji kozi! Kwa hiyo Baraza haliitambui kozi hii, halikitambui chuo chake, wala haliwatambui wanafunzi wake."

Ilikuwa hotuba nzuri. Mimi mwenyewe nilitaka kupiga makofi, mikono ikakataa.

Nilikuwa namkumbuka binti yangu Mwanaidi, mama yake Zamda. Alipolala kwa maradhi tulimtunza kwa upendo. Hakuachwa peke yake hata kidogo. Tulimfunika vizuri, tukamlaza chali kama alivyopenda, tukamwimbia. Zamda alikuwa mdogo, anampepea nzi kwa kipande cha boksi. Upendo ulikuwepo wote. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia kwamba aliyelala hugeuzwa. Siku tuliyouona mgongo wake umejaa vidonda, Zamda aliliweka lile boksi chini, na tangu siku hiyo hakuna nilichomsikia akikitaka ila kujifunza kazi hii, apate cheti, aifanye hapahapa mtaani kwetu.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho.

*

Baada ya redio ukaja waraka: mtumishi yeyote wa umma anayemtambua asiyetambulika amevunja sheria. Mtu mmoja huko juu akauliza kama kusalimiana nako ni kutambuana. Wataalamu wakakaa semina hotelini, kando ya bwawa la kuogelea, wakarudi na jibu: huwezi kumsalimia usiyemtambua, kwa hiyo salamu ni utambuzi. Ikapigwa marufuku.

Mtendaji wa mtaa wetu anaitwa Bwana Maneno, mtu wa watu, amekula kwangu mara nyingi kuliko paka. Asubuhi yake akapita kwenda ofisini. Zamda alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, baba Maneno."

Bwana Maneno akasimama. Akatazama mbingu. Akatazama viatu vyake. Mwisho akamwona kuku wangu mwekundu.

"Hujambo, kuku?" akasema. "Mwambie mwenzio hapo anayefagia, marahaba yake naitunza. Sheria ikibadilika nitampa zote kwa mpigo."

Kuku hakujibu. Zamda alicheka mpaka akaketi juu ya ufagio. Mimi nilikuwa dirishani, nikamwona Bwana Maneno alipofika konani akijifuta macho kwa tai.

Tangu hapo kila asubuhi alimsalimia kuku. Amwulize kama kalala salama, kama masomo yanaendelea, kama bibi mguu umepona. Kuku akazoea. Saa ya Bwana Maneno ikifika, anajipeleka mwenyewe uani na kusubiri. Katika mtaa wetu hakukuwa na kiumbe aliyeheshimiwa na serikali kama yule kuku.

*

Mwalimu Ndimbo akaenda mahakamani.

Shauri lilipata taabu tangu mwanzo. Mahakama nayo ni ya umma, na waraka uliihusu.

"Mlalamikaji yuko wapi?" aliuliza Jaji.

"Nipo hapa, mheshimiwa," akasema Mwalimu Ndimbo, akiwa amesimama mbele yake.

"Nasikia sauti," Jaji akasema, "lakini chanzo chake hakijatambuliwa."

Mabishano yalikuwa marefu. Mwishowe ikaonekana kwamba kiti alichopewa kilinunuliwa kwa zabuni halali ya serikali, hivyo kiti kinatambulika. Mwalimu Ndimbo akaruhusiwa kuongea kwa jina la kiti. "Kiti kinadai kwamba kilifuata taratibu zote," karani aliandika. Joto lilipozidi, karani huyohuyo akamimina maji kwenye bilauri akayasogeza mbele yake. "Mheshimiwa," alisema kwa adabu, "kiti kinaonekana kina kiu."

Wakili wa chuo alikuwa kijana anayeitwa Shebe, mwembamba, koti limemzidi. Ni yeye aliyeona tundu. Kama salamu ni utambuzi, alituambia nje kwenye veranda, basi Mkurugenzi Mkuu akiitikia shikamoo ya mwanafunzi, Baraza zima litakuwa limemtambua. Na utambuzi wa Baraza ukishatoka hauondolewi ila kwa saini za mawaziri watatu, ambao wamegombana na hawakai chumba kimoja.

"Neno moja tu," Shebe alimwambia Zamda. "Akisema marahaba, kozi ipo, chuo kipo, cheti chako kipo. Utamwamkia?"

"Hata usingeniambia ningemwamkia," Zamda akajibu. "Ni mzee yule."

Nilimrekebishia kola ya sare. Alikuwa ameipiga pasi ya mkaa mwenyewe, imenyooka. "Mke mwenza," nikamnong'oneza, "usimwamkie kwa hila."

"Kwa hila ya nini, Bibi? Shikamoo ni shikamoo."

Akaitwa. Akapita mbele ya meza za mawakili mpaka alipoketi Profesa Kilanga. Akainama, magoti yakakunjika kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

Feni ilikuwa inazunguka juu kwa shida.

Kuna mambo ambayo mdomo hufanya bila kumwuliza mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwetu, hata umwamshe usingizini, ukimwamkia ataitikia. Nilimtazama Profesa. Sikuona Mkurugenzi. Niliona mtoto wa mtu, aliyefunzwa na mama yake. Midomo yake ikafumbana, ikafumbuka.

"Mara—"

Wakili wa Baraza akamrukia na kumfunika mdomo kwa faili.

Ukumbi mzima ulisimama. Wakili Shebe alikuwa anapiga kelele: "Amesema! Mheshimiwa, ametamka mara! Hiyo ni nusu ya marahaba! Tunaomba tutambuliwe hata nusu!"

"Nusu ya nini?" wakili wa Baraza akajibu, faili bado limekaa usoni kwa mteja wake. "Mara ni neno kamili katika lugha yetu. Mara moja! Mara kwa mara! Mteja wangu alikuwa anataka kusema, mara nyingine msinisumbue."

Akaletwa mtaalamu wa lugha, akatoa ushahidi mpaka wengine tukasinzia. Hitimisho lake lilikuwa kwamba "mara" isiyofuatwa na kitu ni neno linalosubiri, na kwamba elimu haiwezi kusema linasubiri nini.

Jaji akachoka. "Faili liondolewe," akasema. "Tumwulize mwenye mdomo. Profesa, ulikuwa unataka kusema nini?"

Muda wote huo Zamda hakuwa amesimama wima. Mtu anayeamkia hanyanyuki kabla hajaitikiwa. Profesa akamtazama mtoto yule aliyeinama mbele yake. Alimtazama kwa muda. Halafu akamtazama wakili wake, na wale wa Baraza waliojaa viti vya nyuma.

"Sikumbuki," akasema.

Jaji akaamua kwamba neno lililosahauliwa na mwenyewe haliwezi kutambuliwa na wengine. Shauri likatupwa.

Zamda akanyanyuka polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike.

*

Chuo kikafungwa. Mlangoni pakapigiliwa kibao: HAPA HAPANA CHUO. Akawekwa pia mlinzi mwenye bunduki, alinde chuo kisichokuwepo kisije kikaibwa.

Siku ya mwisho Mwalimu Ndimbo aliwakusanya wanafunzi nyuma ya ghala akampa kila mmoja mto mdogo, alioushona kwa mkono wake.

"Sina cheti cha kuwapa," aliwaambia. "Huu ni mto tu. Mwekeeni mtu katikati ya magoti."

Zamda alirudi nyumbani akaulaza juu ya meza, akala kidogo, akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Haukupita muda mrefu, Profesa Kilanga akapigwa na kiharusi. Baraza likaenda kumjulia hali kwa msafara wa magari. Walimpelekea shada la maua na picha yake kubwa ndani ya fremu, wakaisifu familia kwa upendo wake, wakaondoka. Profesa akabaki amelala chali anaitazama picha yake.

Alasiri moja mtu akabisha mlango wa jikoni kwangu. Alikuwa mwanamke amejitanda kanga mpaka puani. Nilimjua kwa viatu, maana mtaani kwetu hatuna viatu vile. Alikuwa mke wa Profesa.

"Bibi yake Zamda," akasema, "nimesikia hapa yupo mtu asiyekuwepo, anayejua kugeuza wagonjwa."

"Yuko hapo nyuma anakosha mchele," nikamwambia. "Hayupo kabisa. Ingia, mama, uketi."

Hakuketi. Alisimama karibu na meko akasema, "Mgongo wake umeanza kuwa mwekundu." Kanga ikamshuka usoni, hakuipandisha.

Zamda akafuta mikono. Akachukua mto kutoka juu ya meza, wakaenda.

*

Alimtunza. Asubuhi na jioni alikuwa anapitia mlango wao wa nyuma. Mimi nilikuwa na wasiwasi, maana binadamu ni binadamu, na mkono wenye kinyongo huumiza hata ukiwa laini.

"Unamgeuzaje?" nilimwuliza.

"Kama ninavyokugeuza wewe. Nangoja bega likubali. Naye pia anaogopa kuanguka, Bibi. Wote mnaogopa kuanguka."

"Na unamwamkia?"

"Kila siku. Nikimwambia shikamoo mzee wangu, anasema mara. Halafu anahangaika, inayobaki haitoki. Anatoka jasho mpaka nalifuta. Namwambia basi, mzee wangu, pumzika. Hii nusu nimeshaipokea."

Uwekundu wa mgongo ukaisha, na ndicho kilichomponza Zamda. Daktari wa Baraza alipokuja kumpima Profesa hakukuta kidonda hata kimoja, akaingiwa na shaka. Mgonjwa aliyelala muda wote huo bila kidonda, alisema, ni dalili kwamba panatendeka huduma isiyotambulika. Wakaja kupekua. Wakaukuta mto. Wakaupiga picha pande zote, wakautia ndani ya mfuko wa nailoni, wakaondoka nao uwe kielelezo. Zamda akaambiwa asikanyage tena pale, na akionekana anamgeuza raia yeyote atafungwa. Mke wa Profesa alilia mbele yao. Walimwambia machozi yake yamepokelewa na yatafanyiwa kazi.

Jirani yetu kuna nchi ndogo, masikini ya watu, hata Baraza la Utambuzi haina. Hospitali yao moja ilisikia habari za shauri letu, ikamwita Zamda. Hawakumwuliza chuo. Walimpa mzee mmoja amgeuze, wakasimama pembeni kutazama. Alipomaliza wakamwuliza ataanza kazi lini.

Asubuhi ya kuondoka Bwana Maneno alifika mapema, bila tai, amevaa fulana na ndala. Kuku akamkimbilia. Yeye akampita.

"Leo nimechukua likizo," akasema kwa sauti, mtaa wote usikie. "Leo mimi si mtumishi wa mtu."

"Shikamoo, baba Maneno," Zamda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba ya juzi, na ya ile siku ya mvua, na ya ulipotoka mahakamani, marahaba, marahaba..." Aliendelea kumpa zote alizomtunzia mpaka sauti ikamkatika, na Zamda alikuwa ameinama pale mbele yake, hanyanyuki, anazipokea.

Mimi aliniaga ndani. Aliniweka kitandani kama mtoto, akanigeuza kwa mara ya mwisho, kitanda kikalia, akanipachikia mto wangu wa magoti.

"Mke mwenza," nikamwambia nikiwa nimetazama ukuta, "sasa huko utawageuza bibi za watu."

Aliuacha mkono wake begani kwangu. Safari hii bega lilikuwa limeshakubali zamani, na mkono ukaendelea kukaa.

*

Kitanda changu hakilii tena alfajiri. Naamka nasikiliza.

Siku moja nikauchukua mto wangu, nikaufunga kwenye kanga, nikaenda kwa Profesa kwa mlango wa nyuma. Mkewe alinifungulia bila kuuliza. Profesa alikuwa amelala chali. Wale wa Baraza hawakuwa wamerudi.

"Sijui kazi hii," nilimwambia mkewe. "Najua kugeuzwa tu. Wewe shika huku chini."

Nikaweka mkono mmoja begani kwake, mwingine nyongani. Alikuwa amejikaza. Nikasubiri. Tukakaa hivyo, wazee watatu, hakuna anayevuta. Kisha bega likalegea. Tukamgeuza, kitanda cha watu wakubwa nacho kikalia kwiii kama changu, nikamwekea mto.

Alipotulia, macho yake yakawa yanamtafuta mtu nyuma yangu.

"Zamda hayupo, Profesa," nikamwambia. "Safari hii hayupo kweli. Amekwenda mbali. Lakini aliniachia salamu zako. Amesema nikuambie, shikamoo mzee wangu."

Midomo ikafumbana. Ikafumbuka.

"Mara," akasema.

Jasho likamtoka. Nikataka kumwambia apumzike, nusu tumeshaipokea. Mkewe akanishika mkono, ninyamaze. Tukangoja. Shingo yake ilikuwa inahangaika kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu.

"...haba."

Hapakuwa na Jaji. Hapakuwa na karani, wala Wakili Shebe na koti lake. Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilitazama huku na huku, nikiwaza nikimbilie ofisi gani na neno hilo kabla halijapoa, nikakumbuka kwamba chuo hakipo, na mtoto hayupo.

Profesa bado alikuwa anautazama mlango. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini sasa ulishafunguka.

"Aje," akasema. "Mwambie aje tena."